Shauri la Pindo

Kwenye kona ambapo barabara ya posta inakutana na ile inayopanda kwenda mahakamani, mbele ya karakana ya Fundi Sponji, palikuwa na kijiwe ambacho viti vyake havikuzoeleka. Watu walikalia chochote kilichokuwa kikisubiri kushonwa: wiki moja kochi la mwalimu mkuu lililotokwa na springi, wiki nyingine viti vya kinyozi, na safari moja kiti cha daktari wa meno ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia ila Redio. Alasiri hiyo ya Jumatano walikuwa wamekalia benchi refu la Mahakama Kuu ya Kanda, lililoletwa kuwekewa sponji mpya, na pengine benchi hilo ndilo lililowapanda kichwani. Bi Buli alikuwa anapepea jiko lake, birika la kahawa likianza kupumua. Mzee Kifungu alikuwa na gazeti la juzi. Redio, fundi wa simu aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimwi, alikuwa na simu ya mtu mapajani, matumbo nje. Na Fundi Sponji mwenyewe alikuwa amepiga magoti penye ncha ya benchi, misumari midogo sita mdomoni. Wenyeji walikuwa wanajua: Fundi akitaka kusema hutema misumari, asipotaka, huongeza.

— Fundi, kesho ni saa ngapi vile? — Redio akauliza.

Fundi akaongeza msumari wa saba.

— Saa tatu, — Bi Buli akajibu kwa niaba yake. — Mkewe kaniambia. Saa tatu kamili, mbele ya jaji. Suruali ameshaipiga pasi mara mbili.

— Mbele ya jaji! — Redio akapiga mluzi. — Sio hakimu, jaji! Mahakama Kuu! Na wewe leo unawashonea benchi. Hapo si ndiyo rushwa yenyewe hiyo?

— Benchi limeletwa na karani wa vifaa, — Mzee Kifungu akasema bila kuinua macho gazetini. — Jaji hajui hata nani anashona.

— Atajua akikaa!

— Jaji hakai kwenye benchi, we mwehu. Benchi ni la wanaongoja.

Wakacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa anagonga msumari ambao ulikuwa umeshaingia.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Miaka tisa nyuma, kwenye karakana ile alikuwapo dada mmoja mshonaji, mgeni wa mji, aliyetoka ng'ambo ya mto. Alikuwa anakaa kwenye cherehani pale dirishani akishona foronya na makava ya makochi, na binti yake wa miaka mitatu alikuwa hambanduki. Alikuwa akishika pindo la gauni la mama yake kutwa nzima, mama akisimama naye yumo, mama akienda msalani naye yumo, mpaka watu wakamwita Pindo. Msimu mmoja wa mvua yule mama akaugua kifua, akalazwa wiki mbili, hakurudi. Ndugu wakatafutwa. Barua zikaandikwa kwa mwenyekiti wa kijiji alichokitaja, zikarudi hazijafunguliwa. Siku ya maziko, wakati watu wanatawanyika, mtoto akashika shati la Fundi. Fundi akaenda naye nyumbani. Mkewe akatandika godoro dogo. Hakuna aliyesema kuanzia leo huyu ni wetu. Walilala tu, wakaamka, na ikawa hivyo kwa miaka tisa.

Sasa Pindo alikuwa na miaka kumi na miwili, anamaliza shule ya msingi, na fomu za sekondari zilitaka karatasi inayosema wazazi wake ni nani. Mke wa Fundi, mwanamke asiyependa kazi nusunusu, alikwenda ustawi wa jamii kuuliza. Ofisa akaja nyumbani mara tatu, akaangalia chumba cha mtoto, akaangalia madaftari yake, akanywa chai. Mwisho akawaambia: huyu mnamlea, lakini kisheria si wenu, na wa kumfanya awe wenu ni mmoja tu, Mahakama Kuu.

Fundi alikuwa ametarajia dirisha la ofisi na muhuri tu. Neno hilo lilipoingia nyumbani, usingizi ukatoka.

— Mimi bado sielewi, — Redio akasema, akibana kiskrubu kwa kucha. — Mahakama Kuu ni ya wauaji. Wauaji na uchaguzi. Utakaaje na mtoto kwenye foleni moja na mtu aliyekata mtu?

— Hapo ndipo mnapokosea nyote, — Mzee Kifungu akakunja gazeti. Jina lake lilikuwa limetokana na hiyo tabia: kila hoja aliitafutia kifungu cha sheria, na asipokiona alikitunga. — Mahakama Kuu ina mamlaka ya aina mbili. Kuna ya kusikiliza rufaa kutoka mahakama za chini. Na kuna ya mwanzo, yaani mashauri ambayo yanaanzia palepale, hayapiti popote. Mauaji ni mojawapo. Kuasili mtoto ni jingine.

— Kwa nini? Mtoto na mauaji vina uhusiano gani?

— Ni mambo makubwa. Moja unamtoa mtu, jingine unampokea.

— Maneno hayo ni ya kifungu gani?

— Hayo ni yangu.

Bi Buli akamimina kahawa kwenye vikombe vidogo, akampa kila mtu chake. Cha Fundi akakiweka sakafuni karibu na goti lake, kikapoa.

— Ngoja, — Redio akaanza tena. Alikuwa amepata nadharia. Ilionekana kwenye nyusi. — Hii Mahakama Kuu ni ya kanda, sawa? Kanda yetu inaishia wapi?

— Mikoa mitatu. Inaishia mtoni, — Kifungu akajibu.

— Na mama yake Pindo alitoka wapi?

Bi Buli akamtazama Fundi.

— Ng'ambo ya mto, — Bi Buli akasema polepole.

— Haya! Mtoto kazaliwa ng'ambo. Kitovu chake kiko ng'ambo. Mamlaka yanafuata kitovu! Kesho jaji anafungua jalada, anasema, bwana, huyu si wa kanda yangu, mpelekeni kanda nyingine. Na kule ng'ambo si ndiko waliko ndugu? Wakisikia mtoto anatajwa mahakamani, watatoka kama siafu. Wahenga walisema, mchimba kisima hakatazwi maji.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? — Bi Buli akamuuliza.

— Imeingia vizuri tu. Ndugu ndio kisima.

— Toka hapa!

Lakini Fundi alikuwa ameacha kugonga. Hilo hasa, la ndugu kutoka ng'ambo, ndilo lililokuwa likimsumbua tangu waliposikia neno Mahakama Kuu. Alitema misumari kiganjani, yote saba, akaisogeza kwa kidole kana kwamba anataka kuona kama iko kamili.

— Nilikuwa nafikiria nisiende, — akasema.

Redio akainua uso. Bi Buli akashusha birika.

— Usiende wapi? — Bi Buli akauliza.

— Kesho. Tuko vizuri. Mtoto anakula, anasoma, ananiita baba. Nani alikuja kutuuliza chochote miaka yote hii? Hakuna. Sasa niende nikajipeleke mwenyewe, niseme, mheshimiwa, nina mtoto si wangu. Yeye aseme, ahaa, kumbe si wako? Basi mlete. Si nitakuwa nimejichongea mwenyewe?

— Kweli kabisa, — Redio akasema. Alikuwa amefurahi kupata mtu wa upande wake, hakuona uso wa Fundi. — Mimi nimesikia kuna jaji mmoja alimpima mtoto urefu. Akasema huyu bado mfupi, mlezi hamlishi, akamchukua akapelekwa serikalini. Na kuna mwingine, mtoto aliasiliwa, kufika asubuhi majina yote yamebadilika mpaka la ubatizo, mtoto akiitwa haitiki, wakamtafuta siku tatu kumbe yumo ndani! Haraka haraka haina baraka, Fundi. Kaa nyumbani.

— Redio, — Mzee Kifungu akasema. — Nyamaza kidogo.

Alisema kwa sauti ambayo hawakuwa wameizoea. Akavua kofia yake, akaiweka juu ya gazeti.

— Mnajua mahakama hii ilifikaje hapa?

— Si walijenga, — Redio akasema.

— Haikujengwa. Zamani Mahakama Kuu ilikuwa moja tu, mji mkuu, na huku jaji alikuja mara moja kwa mwaka. Alikuja kwa lori, na masanduku ya majalada nyuma, na mpishi wake. Alikuwa anakaa kwenye ukumbi wa shule. Siku hizo wanafunzi wanapewa likizo, na sisi watoto tunachungulia madirishani. Akimaliza wiki tatu, anapakia masanduku, anaondoka. Mwaka ambao daraja lilichukuliwa na maji hakuja kabisa. Mtu aliyekuwa rumande akingoja aliambiwa, basi, mpaka mwakani.

— Ukumbi wa shule ipi, hii yetu? — Bi Buli akauliza.

— Hiihii. Halafu serikali ikaona haiwezekani, ikaikata nchi vipande, kila kipande kikawa kanda na masjala yake. Ya kwetu ilianza na chumba kimoja nyuma ya posta, karani mmoja, meza moja, kabati halifungi. Baadaye wakapewa ghala la pamba. Hilo jengo mnaloliona na nguzo zake, hizo nguzo zimewekwa juzi tu. Ukiingia ndani ukaangalia juu, utaona bado kuna ndoano za kupandishia marobota.

— Umeingia lini wewe? — Redio akauliza.

— Sijaingia. Nimeambiwa.

Akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja, ikiwa moto.

— Mama yangu alikuwa na shamba. Jirani akasogeza mpaka. Mahakama ya chini ikampa jirani. Mama akakata rufaa, na wakati ule rufaa ilikuwa inakwenda mji mkuu. Jalada likasafiri. Mama akawa kila Jumatatu anakwenda kwa karani kuuliza, jibu limekuja? Bado, mama. Jumatatu nyingine, bado, mama. Miaka saba. Akawa hawezi kutembea, ninamwendea mimi. Bado. Tukamzika mwezi wa nne. Mwezi wa sita bahasha ikaja.

Bi Buli alikuwa ameshika kipepeo cha jiko bila kupepea.

— Ilisemaje? — Fundi akauliza.

— Rufaa imekubaliwa. Shamba ni lake. Kurasa nne, zimeandikwa vizuri, na jina lake lote, na kila alichokisema kimo. Alisikilizwa, Fundi. Huko mbali kulikuwa na mtu aliyekaa chini akamsikiliza mama yangu neno kwa neno. Ila yeye hakujua. Ndipo nikaanza kusoma haya mambo, maana nilikuwa siyaelewi yale maneno mengine. Nyie mkaniita Kifungu, nami nikanyamaza.

Akavaa kofia.

— Sasa wewe jaji yuko hatua mia tatu kutoka mlangoni kwako. Amekupa siku na saa. Mama yangu angeipata hiyo karatasi angekwenda kwa magoti. Na habari ya mto, iondoe hofu aliyokutia huyu Redio: mamlaka yanafuata mahali mtoto anapoishi. Anaishi wapi Pindo?

— Kwangu, — Fundi akasema.

— Basi.

Wakati huo kulikuwa na mama mmoja wa makamo amesimama pembeni, mkoba begani, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa ametoka kuondoa kokoto. Alikuwa mkunga wa hospitali, anarudi kutoka zamu, na hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani.

— Samahanini, — akasema. — Nimesikia habari ya kitovu nikashindwa kupita. Nimekata vitovu miaka ishirini na sita. Hakuna hata kimoja kilichoniuliza hapa ni mkoa gani.

Bi Buli akacheka mpaka akaweka birika chini. Redio akainamia simu yake. Mkunga akapewa nafasi kwenye benchi na kikombe cha kahawa, akavaa kiatu, akanywa. Kisha akamgeukia Fundi.

— Na mtoto mwenyewe anasemaje?

Fundi akamtazama.

— Mtoto gani?

— Huyo wa shauri. Kama anasoma, ni mkubwa wa kutosha. Ana kauli yake. Anasemaje?

Fundi akamtazama Kifungu. Kifungu akatazama gazeti. Redio akafungua mdomo, akaufunga, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka ule. Mtoto hakuna aliyemuuliza. Mkewe Fundi alikuwa amemwambia wazi wiki ile: fomu kumi na moja nimejaza mimi, la kumwambia mtoto nakuachia wewe. Na yeye kila jioni alikuwa anasema kesho. Kwa sababu chini ya hofu ya jaji, na chini ya hofu ya ndugu wa ng'ambo, kulikuwa na hofu moja ndogo zaidi ambayo hakumwambia mtu: kwamba mtoto akiulizwa atasema, hapana, mimi nina mama yangu.

— Hajui, — akasema.

Mkunga hakumlaumu. Alirudisha kikombe, akashukuru, akatundika mkoba begani.

— Basi leo ni siku nzuri, — akasema, akashika njia.

Pindo alitokea dakika kumi baadaye, akitoka shule, soksi moja imeshuka. Akawaamkia wote, shikamoo ya Mzee Kifungu akaipa magoti kidogo, akaingia karakanani kunywa maji. Fundi akainuka. Akajipangusa nyuzi za sponji kwenye mikono, zikawa zinarudi palepale. Akamfuata. Nje, Bi Buli, Kifungu na Redio wakaanza kuzungumza kwa sauti kubwa kuhusu bei ya mkaa, huku kila mmoja amesogea upande wa mlango.

— Pindo, — Fundi akasema. — Kesho huendi shule. Mwalimu anajua.

— Nani anaumwa?

— Hakuna anayeumwa. Tunakwenda pale juu, mahakamani. Mimi, mama na wewe. Kuna jaji ataandika... — Akashika ukingo wa cherehani ya dirishani, ileile. — Unajua wewe hukuzaliwa na sisi.

— Najua, baba.

— Sasa jaji akiandika, inakuwa kama umezaliwa na sisi. Kwenye karatasi, shuleni, kila mahali. Hakuna wa kuja kusema vingine. Lakini ukikataa, haandiki. Na ukikataa, bado utakula nyumbani, bado utalala chumba chako hichohicho. Hakuna kitakachobadilika. Mimi nakuuliza tu.

Pindo alinywa maji mpaka yakaisha. Nje, bei ya mkaa ikafikia mwisho.

— Akiandika, — Pindo akauliza, — jina la mama atalifuta?

Fundi akagundua hajui. Akatoka mpaka kizingitini akamtazama Mzee Kifungu, naye Kifungu alikuwa amesikia kila neno, akakuna kidevu, akatafuta kifungu, hakukiona, na safari hii hakukitunga.

— Sijui, mjukuu wangu, — akasema. — Kwa kweli sijui.

— Mimi nadhani... — Redio akaanza. Bi Buli akamkanyaga.

— Basi tukamuulize huyohuyo jaji, — Pindo akasema. Akavuta soksi yake juu. — Kama halifuti, mimi sina neno. Baba, umekunja nini uso, kwani ulidhani nitasemaje?

Asubuhi Bi Buli hakuwasha jiko. Watu waliozoea kupitia kahawa wakakuta kona tupu na wakadhani kuna msiba. Yeye, Redio na Mzee Kifungu walikuwa wamesimama uani mwa mahakama tangu saa mbili, wamevaa vizuri. Mlinzi alimwambia Redio azime simu zote, akazitoa mifukoni moja moja, nne, akazizima, na baada ya hapo hakujua aweke wapi mikono yake. Kifungu alisimama chini ya ngazi kwa muda. Kisha akapanda, akaingia ukumbini, akainua kichwa.

— Zipo, — akasema taratibu. — Ndoano zipo.

Karani aliita namba ya shauri, siyo jina. Fundi, mkewe na Pindo wakafuata kijia kirefu mpaka kwenye chumba kidogo ambacho Fundi alidhani ni cha kusubiria. Hakikuwa na kizimba. Kulikuwa na meza, feni, rundo la majalada, yule ofisa wa ustawi wa jamii, na mwanamke mwenye miwani aliyevaa sweta la kijivu. Fundi akangoja jaji aingie. Mwanamke mwenye sweta akasema:

— Karibuni, kaeni. Shauri la mtoto huwa tunalisikiliza humu, siyo ukumbini.

Aliuliza mengi, na kila jibu akaliandika kwa mkono. Mtoto analala wapi. Nani anamfundisha hesabu. Ndugu wa mama walitafutwa vipi. Akaomba zile barua zilizorudi, mke wa Fundi akazitoa kwenye mfuko wa plastiki, zote tatu, jaji akazisoma bahasha mbele na nyuma. Habari ya mto akaiuliza yeye mwenyewe, na Fundi akamwambia mama alikotoka.

— Lakini mtoto ameishi hapa miaka tisa, — jaji akasema, akiandika. — Kwa hiyo ni wa hapa. Baba, naona mmemlea muda wote huo. Kwa nini hamkuja mapema?

Fundi alitafuta jibu la heshima. Akakosa, akasema la kweli.

— Mheshimiwa, hatukujua kama huku kunatuhusu. Tulidhani ni kwa wauaji.

Jaji akaweka kalamu chini.

— Nao huja. Leo mchana nina shauri la mauaji, kwenye ukumbi ule mkubwa. Lakini asubuhi ya Alhamisi huwa naweka watoto, siku ianze na hili. — Akamgeukia Pindo. — Na wewe, binti, umeelezwa kinachofanyika hapa?

— Baba ameniuliza jana.

— Ukamjibu nini?

— Nilimjibu kwa swali. Nikasema nitakuuliza wewe. Ukiandika, jina la mama yangu unalifuta?

Mke wa Fundi akainama. Jaji akafungua jalada mwanzo kabisa, akaligeuza juu ya meza mpaka likamtazama Pindo, akaweka kidole.

— Soma hapo.

Pindo akasoma kimyakimya. Midomo yake ilitembea.

— Ni nani huyo?

— Mama.

— Huo ni ukurasa wa kwanza, na hauondoki. Jalada hili linawekwa masjala, halichomwi, halitupwi. Amri yangu inaongeza ukurasa nyuma yake, unaosema kuanzia leo hawa wawili wanabeba yote ambayo baba na mama wanapaswa kubeba, na wewe una yote ambayo mtoto wao angekuwa nayo. Jina lako ukitaka linabaki, na mwisho wake tunaweka la baba huyu. Ukitaka. Unataka?

Feni ilizunguka. Fundi alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili, na laiti angekuwa na misumari, angeimeza.

— Nataka yote mawili, — Pindo akasema.

— Nitajie herufi, nisikosee.

Akamtajia, moja moja. Jaji akaandika, akasoma kwa sauti alichokiandika, akatia sahihi. Mke wa Fundi alianza kulia mara tu kalamu iliposimama, machozi ya mtu aliyejaza fomu kumi na moja, na ofisa wa ustawi akampa leso.

Nje kwenye kijia waliambiwa wangoje nakala ipigwe muhuri. Kutoka uani ilisikika sauti ya Redio, aliyekuwa ameshapata habari kwa karani na sasa anampa mlinzi ambaye hakuuliza. Bi Buli alipiga kigelegele, kikakatizwa na mtu anayesema hapa ni mahakamani, kikamaliziwa kwa sauti ya chini. Mzee Kifungu alikuja mpaka walipo, akamshika Pindo kichwani, akasema, «Sasa niambie, alijibuje lile swali?» Pindo akamweleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaomba aelezwe tena sehemu ya ukurasa wa kwanza.

Walikuwa bado wanangoja alipotokea kijana mmoja na mkewe, mtoto mchanga amefungwa mgongoni, karatasi mkononi. Wakaangalia mlango huu, wakaangalia ule. Kijana akamwona Fundi, suruali yake imenyooka, ametulia, akamsogelea.

— Samahani, mzee. Wewe ni mtu wa hapa mahakamani?

— Hapana, bwana, — Fundi akasema. — Mimi ni baba wa huyu.

Akaichukua ile karatasi, akaisoma, akawaonyesha mlango wa masjala, wa pili kushoto, kisha warudi wakae hapa, wataitwa kwa namba siyo kwa jina, wasishtuke.

— Na huyo jaji, — mke wa kijana akauliza kwa kunong'ona, — ni mkali?

— Ukiwa na swali muulize tu, — Pindo akamwambia. — Anajibu.